Jina Langu la Mkono

Jamani, mmewahi kusengenywa mchana kweupe, mbele ya macho yenu, na msisikie hata neno moja?

Mimi yamenikuta. Tena kazini.

Nikipita kwenda kuchukua chai, mmoja anaweka vidole mdomoni, anavifungua na kuvifunga. Wa pili anaitikia kwa kichwa. Wa tatu anacheka. Kimya kabisa!

Ngoja nianze mwanzo, nisije nikawachanganya.

Niko kampuni ya kimataifa ya kusafirisha mizigo. Ghorofa yetu peke yake ina watu wa kila rangi na kila lafudhi, na ukutani kuna bango kubwa: "Sote Tumo." Mle ndani mimi naitwa Redio. Kikao kikipoa, naitwa nikichangamshe. Wakubwa wakija kutoka makao makuu, anayesimama kuongea ni mimi. Kiongozi wetu wa timu alipohamishwa, nikajua kiti kile ni changu, bado kukalia tu.

Ndipo akaletwa kaka mmoja kiziwi.

Mtanashati, shati limenyooka, tabasamu mpaka jino la mwisho. Bosi wetu, mama mmoja bahili hata wa salamu, alikuwa amejifunza kumkaribisha kwa lugha ya alama. Mimi miaka yote hiyo hajawahi kuniuliza hata nimeamkaje!

Meza zikageuzwa ili aone nyuso zetu. Kwenye vikao akawekwa mkalimani, na sisi tukaambiwa tuongee mmoja mmoja, hakuna kudakia. Mimi Redio nikawa nanyoosha mkono kama mtoto wa shule.

Wivu ukanikaba, sifichi.

Kilichonimaliza ni shoga yangu wa meza ya pili. Tulikuwa chanda na pete. Sasa kila mchana yuko na yule kaka, eti anajifunza alama. Mikono inaruka, wanacheka mpaka machozi. Nikikaa nao, nacheka na mimi. Nacheka nini? Sijui! Masikio yangu mawili mazima, nimekaa pale kama mzigo uliokosa anwani.

"Si na wewe ujifunze," shoga akaniambia.

"Nijifunze kunyamaza? Utanizika."

Dawa yangu ikawa kile chumba cha kioo cha kupigia simu. Ukifunga mlango, sauti haitoki. Naingia, nampigia dada yangu, natema nyongo.

"Dada, huyu wamemleta kupamba bango tu!"

"Dada, lile tabasamu ni la kuombea cheo!"

"Dada, wakimpa kiti changu atatuongozaje? Kwa mikono?"

Yule kaka yuko mezani kwake, ananitazama, anatabasamu. Na mimi namrudishia tabasamu, huku naendelea kumchana. Raha iliyoje!

Basi bosi akatangaza kwamba atamuuliza kila mmoja wetu anamtaka nani awe kiongozi. Na zile ishara za mdomo nikipita ndiyo zikazidi. Nikashindwa kuvumilia, nikambana shoga yangu.

"Hii ndiyo nini? Mnaniita mropokaji?"

"Wewe nawe! Hilo ni jina lako. Kwenye lugha yao kila mtu anapewa alama yake. Bosi ni miwani. Mimi ni kishimo cha shavuni. Wewe ni mdomo."

"Nani kanipa?"

"Yeye."

Nikamfuata mezani, mkalimani akiwepo. "Muulize kwa nini mimi mdomo!"

Kaka akacheka, mikono ikaenda. Mkalimani akatafsiri: "Anasema humu ndani wengine wanamung'unya maneno, wengine wana masharubu. Midomo yao haisomeki. Wako tu ndio anausoma wote, kila neno. Ndiyo maana aliomba meza inayokuelekea."

Moyo ukalainika. Nikaanza hata kujisikia vibaya kidogo.

"Anaongeza kwamba unasomeka vizuri hata kupitia kioo."

Nikatoa macho.

"Na anamsalimia dada yako."

Mkalimani wa watu hakuelewa chochote. Mimi nilitamani sakafu ipasuke.

Kesho yake bosi akaniita. Nikaingia nimeshajiandaa kufungasha vitu vyangu.

"Timu iligawanyika," akasema. "Aliyekata shauri ni yule kaka. Amekutaka wewe."

"Mimi?"

"Anasema kupendwa na kiongozi si lazima. Lazima ni kumuelewa anapoongea, na wewe anakuelewa. Ila ana sharti moja. Ujifunze lugha ya alama, uwe unatuongoza kwa mikono."

Kwa mikono! Maneno yangu mwenyewe, yamenirudia na salamu juu.

Nimekubali. Vidole vyangu bado vizito, juzi nilitaka kusema "kikao" nikasema kitu ambacho shoga yangu amekataa kunitafsiria. Na wakicheka wawili wale, wivu bado unanichoma. Tofauti ni kwamba sasa naelewa wanachocheka. Mara nyingi ni mimi.

Lile bango nilidhani limebandikwa kwa ajili yake, aingizwe ndani. Kumbe yeye alikuwa ndani siku nyingi. Aliyekuwa amejifungia nje, tena kwenye chumba cha kioo, ni mimi.

Kwa hiyo ndugu zangu, jifunzeni lugha ya mwenzenu kabla hamjaanza kumsema.

Na mkishindwa kabisa, basi mkipiga simu geukieni ukutani.