Uani Kwetu, Mama Alipokuja Likasi

Mume wangu hakuwahi kumtazama mama yangu usoni, na mama alimsifu kwa hilo kila alipopata nafasi. Kwetu ndivyo heshima ilivyo: mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Kijijini majani yapo ya kutosha. Sisi tulikaa Likasi, kambi ya wafanyakazi, katika nyumba ya kampuni yenye vyumba viwili, na mimi nilikuwa na mimba ya kwanza na nilimtaka mama yangu.

Nilimtaka sana, sioni haya kusema. Niliogopa kuzaa. Wanawake wa kambini walinisimulia uchungu wao kwa raha kabisa, kila mmoja akitaka wake uwe mkali kuliko wa mwenzake. Nikamwambia mume wangu kwamba mama asipokuja, mimi nitamfuata kwao, mbele ya Mulungwishi, nikazalie jikoni kwake.

Mume wangu alikuwa fundi wa chuma kiwandani, mtu wa kupima kila kitu. Hakubishana. Alichukua karatasi, akachora lupango, ndivyo tunavyoita kiwanja cha nyumba, kutoka barabarani hadi ua wa nyuma.

"Nyumba yote itakuwa ya mama," akasema. "Minye nitaikala inje."

"Inje namna gani? Sawa mbuzi?"

"Sawa muzungu."

Siku moja alikuwa ametumwa kutengeneza geti kwa injinia mmoja mzungu, akakuta watu wanakunywa kahawa uani chini ya paa la nyasi, miguu juu ya kiti, maua pande zote. Tangu siku hiyo aliamini kwamba nyumba ni ya kulala tu na watu huishi uani. Alichokosa ni sababu, na mama yangu akampa.

Agosti nzima alijenga. Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka na kufagia ambayo serikali ilitudai, wenzake walikuwa bado na mapanga mikononi. Akawapeleka porini kukata nyasi, nami nikawalipa kwa ndoo mbili za munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Akasimamisha payoti, kibanda cha nyasi kisicho na kuta, juu ya nguzo sita za mkaratusi. Sakafu aliipiga kwa udongo wa kichuguu mpaka ikang'aa. Akachomelea kitanda na viti viwili virefu vya kulalia, akavifunga kwa vipande vya raba. Akapanga mawe pembeni, akayapaka chokaa ya Kakontwe. Mimi niliachiwa maua, nikayapanda kwenye makopo ya rangi.

Mkuu wa kambi alifika kuuliza nani ametoa ruhusa ya kujenga.

"Citoyen, hii hapana nyumba. Haina ukuta," mume wangu akamjibu, akimwita mwananchi kama serikali ilivyotaka tuitane, akamkalisha kwenye kiti kirefu. Mkuu alikaa mpaka jua likazama.

Septemba mama akashuka kwenye treni na kuku mmoja na mfuko wa unga. Wiki ile mume wangu alikuwa anafanya kazi asubuhi, na mambo yalikwenda vizuri. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama hakungoja kupewa. Alilichukua mwenyewe, akalima tuta la lengalenga, mchicha wetu, mbele ya nyumba. Alikula vizuri, alicheka vizuri, nami nikaanza kulala usingizi.

Wiki ya pili mume wangu akahamia kazi ya usiku. Mchana kutwa alikuwa nyumbani, amejinyoosha kwenye payoti yake. Na mama akaacha kula. Alfajiri mpaka jioni hakugusa bukari, ugali wetu, wala hakunywa hata funda la maji, katika joto lile la kabla ya mvua. Alikaa ndani, magoti ameyabana, midomo mikavu. Usiku tu ndipo alipokula kidogo. Siku ya nne akaniambia:

"Posho nitapanda treni, nirudie."

"Mama, nimekosa nini?"

"Hapana kintu, mwana wangu. Kwenu kuko kuzuri."

Posho ni Jumamosi. Zilibaki siku mbili. Nilidhani chakula changu kimemchukiza, kisha nikadhani ameona dalili mbaya kwenye tumbo langu na hataki kuniambia. Nilienda kumlilia jirani yetu, mwanamke wa Kiislamu aliyetoka pande za Maniema, mke wa dereva wa lori.

"Mchana hali, usiku anakula?" akauliza. "Mama yako anafunga? Mbona Ramadhani iko mbali?"

Alikuja kwetu kujionea. Kabla hajafika mlangoni, akasimama uani akimtazama mume wangu, ambaye alikuwa anakoroma kwenye kiti kirefu. Macho yake yakafuata miguu ile mpaka inakoelekea. Choo chetu, kama vyote vya kambi, kilikuwa mwisho wa kiwanja, na njia ya kwenda huko ilikuwa moja tu. Ilipita mbele ya payoti, hatua tatu kutoka kwenye kiti. Fundi wangu alikuwa amekigeuzia upande huo kwa sababu maua yalipendeza zaidi.

Jirani akajiziba mdomo kwa kitenge, akachuchumaa kwa kicheko.

"Mumemupa mama nyumba, mukamufungia njia ya choo!"

Nilicheka, nikalia, kisha nikapandwa na hasira. Nikamwamsha mume wangu kwa kumtikisa bega.

"Weye mwenye kupima kila kintu! Mama apite wapi?"

Alitazama njia, akatazama kiti, akajifunika uso kwa mikono miwili. Mama hakuweza kuambiwa, wala yeye hakuweza kuomba msamaha. Aibu ingekuwa kubwa mara mbili. Hakurudi kulala. Alienda mtoni kukata matete, na kufikia saa tisa alikuwa amesuka ukuta mrefu kuliko mtu, kutoka mlango wa nyuma hadi choo. Kiti akakigeuza kikaelekea kamba ya nguo za jirani. Kisha akakohoa mara tatu, akapanda baiskeli, akatoka kupitia mbele huku akipiga kengele ili kambi nzima ijue kwamba ameondoka.

Mimi nilifungua mlango wa nyuma, nikajifanya nachekecha unga. Mama akachungulia. Akainuka. Hakukimbia, alikuwa mwanamke wa heshima, lakini hakuchelewa. Aliporudi alisema, "Niletee mayi," akanywa vikombe viwili amesimama. Kisha akauliza kama bukari imebaki.

Jumamosi treni ilipiga honi. Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, na hakuinua kichwa.

Nilizaa mtoto wa kike mwezi uliofuata, mama amenishika mkono kama nilivyotaka. Sasa alikuwa nkambo, bibi wa mtoto. Kwa desturi mtoto hatoki nje mpaka kitovu kianguke, na baba yake hakuweza kuingia ndani kwa sababu ya mama. Siku nane mume wangu alisikia kilio tu kupitia ukutani. Siku ya tisa kitovu kikaanguka, mama akambeba mtoto, akapita nyuma ya matete, akakohoa. Mume wangu akatoka kwenye payoti, akageukia barabara. Mama akamlaza mtoto juu ya kitanda, akarudi nyuma ya matete, akakohoa tena.

Mume wangu akaingia, akamwinua binti yake kwa mara ya kwanza. Ndipo sauti ya mama ikatoka upande wa pili, ikimsemesha mtoto:

"Mwana, ambia baba yako, lupango yake iko muzuri."

Mume wangu aliutazama ule uso mdogo.

"Ambia nkambo yako," akamwambia, machozi yakimtoka, "asirudie kwao mbio."