Pepo wa Kwenye Gunia

Unga wa mahindi ya njano una harufu yake. Unanuka kama gunia lililoanikwa juani, utamu kidogo, na nyuma ya huo utamu kitu kama chuma. Harufu hiyo ilinikuta sokoni Lewisham, mezani kwa mama mmoja wa Jamaika aliyeuza ndizi za kupika na samaki wa chumvi, mwaka ule Wamarekani na Waingereza walipoingia Iraki. Nikasimama na pakiti puani, hata yule mama akaniuliza nanunua ama nanusa. Mjukuu wangu Neema, miaka kumi, akanivuta koti kwa aibu. Nikanunua.

Sasa nisikilizeni, maana haya sijamwambia mtu hata kanisani.

Kabla ya uhuru kidogo, mvua ilitukataa kule kwetu, chini ya milima ya Taita. Mbuzi walitafuna mpaka kamba walizofungiwa. Mimi nilikuwa na miaka minane, darasa la pili, na katika boma letu lote aliyejua herufi ni mimi peke yangu. Msicheke. Kujua herufi siku hizo kilikuwa cheo. Wageni wakija, nyanya yangu, mama yake baba, aliniita niwasomee karatasi ya sabuni, nami nasoma kifua mbele kama karani wa mahakama. Shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo huo ndio ulikuwa usomi wangu wote, na niliufaidi.

Siku moja chifu akatangaza kwamba mahindi ya msaada yamefika Voi kwa gari la moshi, kila boma gunia moja. Baba alikuwa mbali, kibarua kwenye mashamba ya mkonge. Mama alikuwa na mimba ya miezi saba. Basi Nyanya akaenda mwenyewe na punda, akarudi, gunia likatuliwa uani na majirani wakajaa. Lilikuwa gunia la kitambaa cheupe kizuri, na juu yake picha ya mikono miwili imeshikana, hakuna kichwa, hakuna mwili.

Nyanya akalizunguka gunia lile kama mtu anayetaka kununua ng'ombe.

"Nani kamshika nani hapa?" akauliza.

Akaigusa ile picha kwa kidole.

"Mkono mmoja unasalimia, mwingine umekamatwa. Na huyo anayesalimia, uso kauficha wapi?"

Likafunguliwa. Mahindi ya njano! Sisi tulijua mahindi meupe tu. Haya yalikuwa kama meno ya mvuta tumbaku. Mama alichukua punje moja, akaigeuza kiganjani, akairudisha.

"Wakesho," Nyanya akaniita, "njoo utuambie wameandika nini."

Yalikuwa maandishi ya Kiingereza. Kiingereza nilikuwa sijafundishwa hata neno. Ningesema tu, Nyanya, hii si lugha yangu, mambo yangeishia hapo. Lakini boma zima lilikuwa likinitazama, na Mama alikuwa ametabasamu, yeye ambaye wiki nzima hakuwa ametabasamu. Nikaweka kidole kwenye neno kubwa kuliko yote, PEOPLE, nikalivunja kama mwalimu alivyotufundisha kuvunja maneno yetu. Pe. O. P...

"Pepo?" akadakia Nyanya.

Nikatazama zile herufi. Zilikuwa nyingi kidogo kuliko pepo, lakini nani angezihesabu?

"Ndiyo, Nyanya. Pepo."

"Pepo wa wapi?"

Hili nililiweza vizuri. "A-me-ri-ka."

Nyanya akapiga makofi mara moja. Amerika aliijua kwa kitambaa, ile amerikani tuliyovaa na kuzikiana. "Eh! Wametuvisha, sasa wanataka kutulisha. Anayekuvisha na kukulisha, bado nini hajakushika? Na safari hii wamesema wenyewe ndani mna nini. Hakuna atakayekula."

Gunia likasukumwa kwenye zizi lililokuwa tupu. Majirani wengine waliogopa, wengine wakaenda kupika. Mama Mwadime, wa ng'ambo ya ua, alipika siku hiyohiyo, na baada ya wiki mbili mashavu yalikuwa yamemrudi. Alikuwa akisimama uani kwake na sahani, akipaza sauti: "Mama wee! Pepo hawa watamu! Leo nimekula watano!"

"Utawatapika!" Nyanya anamjibu.

"Wakikataa kutoka niletee mganga, lakini kwanza niletee mboga!"

Sisi tulicheka kwa siri. Mama hakucheka. Tulikuwa tukila majani ya porini, na mahindi meupe kidogo ya mbegu ambayo Nyanya aliyatoa kwa kiganja. Mama aligawa fungu lake, sahani yangu kwanza. Miguu ikamvimba, mashavu yakaingia ndani. Alipokwenda kuteka maji alikuwa akipumzika mara tatu njiani, na mara moja alianguka. Mkunga alimgusa tumbo akatikisa kichwa: huyu mtoto hachezi vizuri, mama huyu asipokula tutazika wawili.

Mimi nilisikia. Nilijua vilevile kwamba neno lile sikulisoma, nililikisia. Nilifungua mdomo mara ngapi! Lakini kila nikitaka kusema, naona nitakavyochekwa, msomi mzima hajui kusoma gunia. Nikafunga mdomo.

Alasiri moja nilikwenda zizini kutafuta kuku aliyekuwa akificha mayai. Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya gunia. Ameshika punje mkononi, mbichi, kavu, anazitafuna polepole, macho kayafumba, machozi yanamtoka. Kati ya punje na punje alikuwa akisema kwa sauti ya chini, kama anayebembeleza mtu: "Nichukueni mimi. Nimekubali. Huyu wa tumboni mwacheni, yeye hajui kitu."

Nikarudi kinyumenyume. Sikusema, siku hiyo wala baadaye.

Mdogo wangu alizaliwa salama, mnene wa sauti. Baba akarudi, akacheka sana, akaamuru gunia lipikwe, Nyanya akala pamoja nasi huku amenuna. Gunia lenyewe Mama alinishonea likawa shimizi, na lile neno kubwa likaangukia makalioni. Mwaka mzima nimewakalia pepo wa Amerika. Ndiyo maana herufi zile sijazisahau. Lakini mdogo wangu alipopata homa, hata ndogo, Mama alimtazama kwa jicho fulani, jicho la mtu anayengoja mwenye mali aje. Alimpeleka kwa masista aombewe, akampeleka kwa wazee atambikiwe. Sisi tuliona anampenda kupita kiasi.

Sasa rudini nami London. Nilimpikia Neema uji wa unga ule, tukakaa mbele ya televisheni. Kwanza wakaonyesha mji unafuka moshi. Kisha wakaonyesha lori na magunia, na kwenye magunia, wanangu, mikono yangu miwili, na chini yake lile neno langu! Nikaruka. "Neema, tazama, pepo!"

Akanijibu kwa Kiingereza chake, maana Kiswahili anakisikia tu, kama mimi ninavyokisikia Kiingereza bila kukisoma. Alicheka mpaka uji ukamwagika. Hilo si pepo, Bibi. Hilo linasomwa pipo. Ni watu. Watu wa Marekani.

"Watu?" nikamwambia. "Asubuhi mabomu, jioni unga, na wote ni watu walewale?"

Akaenda kuleta kitambaa cha kupangusa uji. Mkongomani mmoja niliyesafisha naye wodi za hospitali huku London aliwahi kuniambia kwamba kwao mkono ule hauji mtupu wala haurudi mtupu, unaleta unga, unaondoka na madini. Nilimwamini, na bado naamini. Afadhali wangekuwa pepo. Pepo tunajua kuwapunga wakatoka.

Lakini hilo silo lililoniondolea hamu ya uji. Kwenye lori lile alisimama mwanamke mmoja, buibui lake jeusi, mkono mmoja juu ya gunia, anatazama maandishi asiyoyajua. Nikamjua uso, ulikuwa wa Mama. Mama alikuwa ameshakufa miaka minne. Miaka yote ile nilidhani njaa ilimshinda siku ile zizini, kwamba alivunja mwiko kwa sababu ya tumbo. Kumbe njaa alikwisha kuizoea. Alijiuza kwa mashetani, akijua anajiuza, ili mwanawe aishi. Na aliyemwambia ni mashetani alikuwa mimi, naye hakunitilia shaka hata kidogo, maana mwanawe alikuwa msomi.

Ningemwambia neno moja tu. Watu, Mama. Ni watu tu.