Ng'ombe Aliyefika Mnadani Bila Kukamuliwa

Siku ya kwanza kazini nilibeba chupa ya chai na kanga ya kujifunika magoti, utadhani nasafiri kwenda Kigoma. Ofisi ya wakala wa hisa ilikuwa hapa hapa Kashaulili, nyuma ya duka la vyandarua, na kutoka mlangoni niliona paa la nyumba yangu. Wenzangu waliomba kazi kwa ajili ya mshahara. Mimi niliomba kwa ajili ya lile paa.

Meneja wa Kanda alinifundisha asubuhi moja tu.

"Gawa bei ya hisa kwa faida ambayo hisa hiyo imeingiza kwa mwaka. Ukipata kumi, mnunuzi analipia faida ya miaka kumi. Huo ndio uwiano wa bei na faida."

"Kwa hiyo ukiwa mdogo, hisa ni rahisi?"

"Au ni kampuni inayokimbiwa. Na ukiwa mkubwa, ni ghali, au watu wanategemea itakua. Namba haijielezi yenyewe, mama. Iulize."

Akapanda basi. Baadaye kila aliponipangia uhamisho wa Mwanza, mgongo wangu uliuma. "Wewe umeolewa na kitanda," alisema. Sikubisha.

Mwaka mmoja mauzo yalikauka, Meneja akasema ofisi itafungwa nami nitakwenda Mwanza na mgongo wangu. Ndipo akaingia Mzee Masanja, mfugaji wa upande wa Ugalla. Alikuwa ameamua kuuza nusu ya kundi lake anunue hisa za kiwanda kimoja cha mafuta ya kula.

"Uwiano ni nne, mayu," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma. " Masika manne, hela yangu imerudi. Hisa nyingine mnauza kwa kumi na tano."

Niliwaza Mwanza. Hata hivyo nikafungua taarifa ya mwaka ya kiwanda, mpaka kurasa za nyuma ambazo watu hufungia vitumbua. Mwaka ule waliuza ghala lao, na sehemu kubwa ya faida ilitoka hapo. Ukiliondoa ghala, uwiano ulikuwa ishirini.

Nilipomwambia asubiri, alinikazia macho. "Za bei rahisi unawawekea ndugu zako?"

"Baba, mnadani ukikuta ng'ombe kiwele kimejaa mpaka anatembea kwa shida, unafanyaje?"

"Nauliza alikamuliwa lini. Wajanja wanamwacha siku mbili ili kiwele kijae."

"Basi na hiki kiwanda hakijakamuliwa." Nikamwonyesha lile ghala.

"Na mwakani watauza nini?"

"Ghala walikuwa nalo moja."

Akavaa kofia, akaondoka bila kuuza hata ng'ombe mmoja. Meneja alinisema kwenye simu mpaka chai ikapoa. Mwaka uliofuata faida ilitoka ndogo, bei ya hisa zile ikaporomoka. Masanja akarudi na majirani wake wafugaji, wote wakitaka kununua kwa yule mama anayeuliza habari za kukamua. Ofisi haikufungwa.

Sasa nimestaafu, yaani nimeacha kuvuka barabara. Nyie vijana mnanunua hisa kwenye simu, uwiano umeshapigiwa hesabu tayari, na mnauamini kama salamu. Kugawa hata mimi wa kidato cha nne niliweza. Kazi yangu ilikuwa kuuliza ile faida imetoka wapi, na kama itatoka tena.

Juzi Masanja alipiga simu. Mjukuu wake amepata hisa ya uwiano wa tano.

"Mayu, njoo uikague."

"Mpaka Ugalla? Mgongo, baba."

"Najua. Nipo barabarani nakuja. Kiwele cha huyu kimenitisha."

Nikabandika chai.