Kelele za Chumba Namba Tatu

Anestis Tsolakidis ni fundi mitambo wa chuo chetu cha biashara hapa Volos, Ugiriki, kwa mwaka wa kumi na tisa sasa, na sijawahi kumsikia akimaliza sentensi mbele ya watu zaidi ya wawili. Si kwamba hana la kusema. Amelelewa mtaa wa Nea Ionia na dada watano, wote wakubwa kwake, na katika nyumba ile walisema wote kwa pamoja, hata aliyetaka chumvi hakusikika, ilibidi ainuke akaichukue mwenyewe. Mimi naendesha kantini, na kwangu hakunyamaziki, ndiyo maana kahawa yake huja kuinywa kabla sijafungua.

Chuo kiliponunua skrini mpya za vyumba vya makundi, ili mwanafunzi aliye mbali afanye kazi na wenzake, kazi ya kuzifunga alipewa yeye. Akachagua mpangilio mmoja uliomfurahisha kuliko yote: anayesema kwanza anashika kipaza sauti, na wengine mtambo unawafungia mpaka amalize.

“Hatimaye watu watazungumza kistaarabu,” aliniambia.

Nilimcheka usoni. Wagiriki, mmoja mmoja?

Aliyeumia ni Garyfalia, msichana wa mwaka wa tatu aliyerudi kwao kisiwani Alonnisos kumuuguza baba yake aliyepooza upande mmoja. Kundi lake, yaani Thrasos, Myrsini na Vangelis, lilikuwa linaandaa mpango wa kuuza asali ya visiwani, na kwa taratibu zetu asiyeshiriki kazi ya kundi anarudia mwaka. Garyfalia asingeweza kurudia. Shangazi yake alikubali kumsaidia mgonjwa mpaka kiangazi tu, basi; baada ya hapo uuguzi wote ungekuwa wake.

Chumbani wenzake waliongea wote kwa mpigo, kama tunavyoongea sote, na mtambo ukawa unampa nafasi mwenye sauti kubwa, ambaye ni Thrasos. Sauti ya Garyfalia ilifika ikiwa imechelewa kidogo, ikakuta mlango umefungwa. Wiki ya tatu wale watatu wakachoshwa na chumba, wakahamia kantini kwangu. Skrini wakaiacha inawaka.

Anestis alipoingia chumba namba tatu kuzima taa, alimkuta binti peke yake kwenye skrini, anatazama viti.

“Wenzako wako wapi?”

“Walisema wanarudi, bwana Anestis.”

“Tangu saa ngapi?”

“Yapata saa nzima. Usizime, tafadhali. Barua ya kuacha masomo naituma Ijumaa, lakini leo bado nimo.”

Alikuja kantini uso umemshuka. Hakuwagombeza wale vijana. Alikaa pembeni akawatazama muda mrefu. Walikuwa wamejikunyata kwenye meza moja, wanaandika juu ya karatasi ninayotandika mezani badala ya kitambaa, ile ile ya mikahawa yote ya bandarini, inayobanwa kwa vibanio na kutupwa pamoja na makombo. Kila mmoja aliandika upande wake, wanakatana maneno, wanafutiana, wanacheka.

“Mama Asimina, ni mimi,” akasema.

“Ni wewe nini?”

“Ni mimi niliyemfunga mdomo yule mtoto. Nilitaka nyumba isiyo kama ya dada zangu.”

“Dada zako walikunyamazisha kwa midomo yao tu,” nikamjibu. “Wewe umetumia mashine.”

Nilijuta neno lilipokwisha kunitoka. Mdomo wangu huu siku moja utaniponza. Yeye hakukasirika, aliomba tu bunda la karatasi za meza.

“Unamkaribisha nani chakula?”

“Nipe na vibanio.”

Kesho yake, Alhamisi, aliondoa ule mpangilio wake, vipaza sauti vyote vikawa wazi. Akatandika karatasi kwenye meza ya chumba namba tatu, akaning'iniza kamera juu yake ikitazama chini, ili kila kinachoandikwa kionekane Alonnisos. Spika akaitoa ukutani akaiweka katikati ya meza, pale ambapo kwa kawaida pangekaa kikapu cha mkate. Mimi nikakataa kuwahudumia Thrasos na wenzake kantini. Niliwaambia kahawa yao inanywewa kule, na sinia nikalibeba mwenyewe.

Hazikupita dakika kumi.

“Wewe Thrasos, hiyo meli ya Januari umeitoa wapi?” Ilikuwa sauti ya Garyfalia. “Huku upepo ukichafuka tunakaa wiki nzima hatuoni meli.”

“Subiri, namalizia...”

“Sisubiri. Futa.”

“Leo umepatikana,” Myrsini akamwambia Thrasos, huku anafuta.

“Na wewe Vangelis, ondoa kikombe, sioni mlichoandika chini yake.”

Wakaanza kusema wote wanne kwa pamoja. Nilisimama mlangoni na sinia langu, sikuelewa hata neno. Anestis alikuwa ameegemea ukuta.

“Mnasikilizana kweli?” akauliza.

“Tunasikilizana, bwana Anestis, tuache tufanye kazi,” akajibu yule wa kisiwani, na papo hapo Thrasos akamkatiza, naye akamkatiza Thrasos. Nilifurahi mpaka kahawa ikamwagika siniani.

Ijumaa Anestis alikwenda kwa katibu wa chuo mara tatu kuuliza kama imefika barua kutoka Alonnisos. Mara ya tatu katibu alikuwa ameshika funguo, anafunga ofisi.

“Haijaja, bwana Anestis. Pole, maana naona uliingoja sana.”

“Nilikuwa nangoja isije,” akasema.