Mwanachama Asiyeandika Kitu

Wiki iliyopita nilikabidhiwa simu ya rafiki yangu nimsomee ujumbe uliomdhalilisha.

Ujumbe wenyewe niliuandika mimi.

Naitwa Shomari, wa Tabora mjini. Elimu yangu ni ya shule ya jioni, niliipata ukubwani baada ya kazi, na huwa naitaja kwa fahari.

Kwa miaka mingi klabu yetu ya vitabu ilikaa kibarazani kwa Sabiri, fundi cherehani. Kitabu kimoja, unasoma ukurasa, unampa wa pili.

Kashindye, aliyekuja kwa baiskeli kutoka Kipalapala, zamu yake ikifika alinisukumia kitabu.

"Soma wewe, Shomari. Una sauti."

Nami navimba kichwa, nasoma na zamu yake.

Mwaka huu nikaihamishia klabu WhatsApp, watu wa Urambo na Igalula waingie bila nauli. Ikanoga kweli. Nikaweka sheria: kila wiki kila mwanachama aandike maoni yake.

Kashindye kimya. Anafungua, haandiki.

Nikamchana mbele ya wote: "Kashindye, hapa ni pa wasomaji, si watazamaji. Kama kichwa kimechoka, kalime tumbaku."

Watu wakamwaga vikatuni vya kucheka. Nikamtoa kundini.

Hakunipigia. Roho ikanisuta, nikaenda kwake. Mkewe, Tunu, aliniamkia shikamoo, ila macho aliyaweka pembeni.

Kashindye akanipa simu.

"Nisomee hapo wameandika nini. Mimi kusoma sijui, Shomari. Sijawahi kujua."

Kumbe zamu zote zile!

Nikasafisha koo. "Wanasema, Kashindye, tumekukumbuka. Hujambo huko?"

Akaichukua simu.

"Tunu alinisomea siku ileile. Nilitaka kusikia wewe utasomaje." Akanisogezea simu tena. "Sasa soma kilichoandikwa."

Nikasoma, Tunu amesimama mlangoni. Kwenye tumbaku sauti ikanikatika. Kashindye akangoja mpaka nikamaliza.

Kundi la simuni silivunji, limewafikishia vitabu watu wa mbali. Lakini linamwona anayeandika tu. Kibarazani Kashindye alikaa, akasikiliza, akabisha, akacheka panapochekesha, na hakuna aliyemwona pungufu.

Wenzangu wenye makundi, mtu akinyamaza, mfuate kwake kwanza. Usimtoe.

Jumamosi tulirudi kibarazani. Nilikuwa nimemwomba Kashindye radhi, akasema yameisha.

Hakuja.