Nilifukia Kisima Ili Njia Yangu ya Gofu Ipendeze

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Mkono uliochora ni huu wangu.

Tajiri mmoja alinunua shamba karibu na Emali, akataka uwanja wa gofu. Akanipa mimi, kijana wa pale pale, nichore njia ndefu kuliko zote, ile ambayo hata mchezaji hodari huhitaji mipigo mitano kuufikisha mpira shimoni.

Nililewa sifa, jamani! Njia yangu ilianzia kwenye migunga, ikashuka hadi mto wetu wa mchanga, ambao maji yake hujificha chini, ikapanda ng'ambo kwenye bendera. Mwoga angeusimamisha mpira kabla ya mto, apoteze mpigo. Jasiri angejaribu kuuvusha mara moja, na akikosa, mpira ungezama mchangani. Uzuri wote ulikuwa katika hofu hiyo.

Lakini katikati ya mchanga palikuwa na kisima cha shangazi yangu, kimezungushiwa miiba kuzuia mbuzi. Mpira ukiangukia miibani, mchezaji angeruhusiwa kuusogeza bure, bila kupoteza mpigo. Nami sikutaka asogeze chochote. Nilitaka aogope kweli!

"Shangazi, hama kidogo tu. Mto ni mrefu."

"Mrefu ndiyo, lakini maji yako hapa, juu ya mwamba. Ama karatasi yako imeyaona kwingine?" Akacheka. "Aiya! Wewe uliyekuwa ukinizamishia kata humu ukicheza, leo unanifukuza na vijiti vya matajiri?"

Nikacheka pia. Kesho yake nikaleta trekta, nikakifukia.

Alihamia kwenye kona ya mto, chini ya ukingo, akaanza kuchimba upya. Huko maji yako mbali chini. Sisi tuliokulia hapa tunaambiwa tangu utotoni: mchanga ukikupita kiuno, toka. Nilijua!

Kila nilipokwenda kukagua bendera nilimwona. Mwanzo nilimwona mabega. Baadaye kichwa. Halafu sikumwona tena, ila karai lake tu likiinuka na kurusha mchanga. Nikajiambia nitamwonya wageni wa ufunguzi wakishaondoka.

Siku ya ufunguzi mzee mmoja aliuvusha mpira mto wote, watu wakapiga makofi. "Nani alichora hii? Ni kali!"

Nikainua mkono. Mkono ukiwa bado juu, nikatazama kule kwenye kona. Karai halikuinuka.

Nilikimbia. Tulichimba kwa mikono, na kila tulipochimba, mchanga ulirudi. Tulipomfikia alikuwa ameshakata roho, karai limembana kifuani.

Nilimwomba tajiri tukifukue kile cha zamani. "Ukiugusa mchanga ule, umeharibu njia yote," akasema. Maneno yangu mwenyewe hayo, niliyomwambia nilipomwonyesha mchoro! Mazishini nilikaa peke yangu. Hakuna aliyesogeza kiti karibu.

Ndugu msomaji, ukipewa kalamu uchore juu ya ardhi ya watu, usiondoe hata mwiba kabla hujajua nani aliuweka, na kesho atakwenda wapi. Mimi nilijua, nikauondoa hivyo hivyo.

Ninaandika haya nimekaa chini ya migunga. Kule kwenye kona anachimba binti wa shangazi, maana mbuzi bado wana kiu. Hanisalimii. Nilipoanza kuandika nilikuwa nakiona kichwa chake.

Sasa naona karai tu.

Sepeto ninayo. Namtoa kwanza, kisha naichimbua njia yangu, hata mlinzi wa uwanja apulize filimbi mpaka achoke.