Kamba Niliyoikata Mbele ya Kanisa

Mchezo wenyewe ukiuona kwa simu ni rahisi. Unashika kamba ndefu, unaikata katikati watu wakiona, unafunga kifundo, unaizungusha mkononi, na ukiifungua kifundo hakipo, kamba ni nzima. Kumbe hukukata katikati. Umekata kipande kidogo cha mwisho, ukakifunga juu ya kamba kionekane kifundo, na ukizungusha kinateleza na kubaki ndani ya ngumi. Kazi yote iko kwa kidole gumba.

Nilitaka kuwafanyia watoto wangu wa Sande skuli kwa Jumapili ya watoto, halafu niwaambie Mungu huunga kilichokatika. Pasta alipenda sana, akatangaza. Wiki hiyo tukichuma chai, mama mmoja wa kwaya akacheka akasema, "Nyinyi watu wa ziwa na mambo yenu." Alikuwa anatania tu, na mimi nikacheka, lakini neno hilo nilienda nalo nyumbani.

Mimi nimeolewa hapa Konoin, kwa Wakipsigis, kutoka upande wa ziwa. Nikitaniwa kuhusu samaki sijali hata kidogo. Hii nyingine, ya uchawi, najali. Watu wakianza kunong'ona kwamba mwalimu wa watoto wao ana dawa, hakuna atakayekuja kuniuliza. Watoto wataacha tu kuja darasani, na nyumbani mama mkwe, ambaye hata siku nzuri hasemi maneno mengi na mimi, atanyamaza kabisa. Ndiyo maana nilikuwa na hofu mbili. Nikikosea nitachekwa, sawa, kuchekwa kunaisha. Nikipatia je?

Kamba ya ng'ombe niliyonunua kwa duka la agroveti ilikuwa ngumu, ikikunjwa inaruka. Nikakata ile ya kuanikia nguo, nikaichemsha ikalainika. Nilikuwa nafanya mazoezi jikoni jioni, mlango nimefunga, maziwa yakiwa motoni. Kipande kinaanguka, naokota, narudia. Kidole gumba kikashika ganzi. Maziwa yalichemka yakamwagika mara nyingi mpaka mama mkwe akauliza kutoka nje, "Kwani siku hizi unapikia moto maziwa yangu?" Nikasema, "Nisamehe, Mama, nilisahau."

Jumapili kanisa lilijaa, wazazi wengine wamesimama mlangoni. Mikono ilikuwa imelowa jasho na nilikuwa najipangusa kwa leso kila saa, nikiogopa kamba itanata vidoleni. Nikakata. Watoto wakashangaa. Nikafunga, nikazungusha, kipande kikateleza vizuri kuliko siku zote, na nikaivuta kamba mbele yao ikiwa nzima.

Watoto walipiga makofi. Watu wazima hawakupiga.

 Mzee mmoja wa kanisa aliyekaa mbele akauliza, kwa upole kabisa, "Mwalimu, hiyo nguvu umetoa wapi?" Nikafungua mdomo nieleze habari ya Mungu kuunga, na maneno yote yakapotea. Nilikuwa nimekunja ngumi, nakodolea macho sakafu ya simiti. Wazo la kuifungua hiyo ngumi wala halikunijia, nilivyokuwa nimeshikwa na woga.

Mama mkwe akainuka. Alikuja polepole, miguu inamsumbua, akanishika mkono, akafungua vidole vyangu kimoja kimoja kama mtu anayemnyang'anya mtoto sarafu. Akakitoa kile kipande, akakiinua juu kila mtu akione, akaanza kueleza kwa Kikipsigis: hapa alishika, hapa alikata, hapa alificha. Akataja na maziwa yake yaliyomwagika. Kanisa likacheka. Yule mzee alicheka mpaka akatoa leso. Watoto wakanung'unika kwamba wameharibiwa mchezo, na kweli uliharibika, hata lile somo langu halikufika popote. Mimi machozi yalikuwa yananilenga na nilikuwa nacheka nao.

Tukitoka nilimwambia, "Asante sana, Mama. Umeniokoa."

"Usinishukuru," akasema. "Mimi pia niliogopa. Siku hizo zote nilikuwa nachungulia jikoni pale penye mbao za ukuta zimeachana, nijue kama ni mikono tu ama ni kitu kingine."

Nikamuuliza, "Na kama ungeona ni kitu kingine?"

"Ningekurudisha kwenu kesho yake," akasema, bila hasira, "na wajukuu wangu wangebaki na mimi."

Nilijua hatanii. Gari la kubeba majani chai lilikuwa linakuja, akanishika mkono, tukangoja lipite, tukavuka barabara.